Namna ya Kuandaa Mahubiri Mepesi, Yenye Mvuto na Yaliyo Sahihi: Mfano wa Mjane wa Sarepta

Mhubiri anayejiandaa kwa ajili ya Jumapili huambiwa kwamba mahubiri yake yawe mepesi, yawavutie wasikilizaji na yawe sahihi kwa Maandiko, na mara nyingi huyapokea mambo hayo kana kwamba ni kazi tatu zinazogombania muda wake mchache. Wengi huyapa kipaumbele yale mawili ya kwanza, kwa kuwa washarika huyaona papo hapo, na usahihi huachiwa wale waliopitia chuo cha theolojia. Mimi ninashikilia kinyume chake, kwamba usahihi ndio unaozaa hayo mengine. Mhubiri aliyelielewa somo barabara hupata maneno mepesi kwa sababu anakijua anachotaka kusema, na huwavuta watu kwa sababu Biblia yenyewe, ikisomwa kwa makini, ina mambo ambayo wengi wao hawajayaona ingawa wamelisikia somo hilo tangu shule ya Jumapili.

Mwongozo huu unamlenga mwinjilisti anayehudumia mtaa peke yake, mzee wa kanisa aliyepangiwa zamu, kiongozi wa vijana, na mchungaji mwenye ibada mbili za Jumapili na mazishi katikati ya juma. Ili tusizungumze hewani, nitafuata somo moja tangu mwanzo hadi mwisho: 1 Wafalme 17:8–16, habari ya mjane wa Sarepta. Nimelichagua kwa sababu huhubiriwa mara kwa mara katika makanisa yetu, hasa wakati wa kukusanya sadaka, na kwa sababu lina mengi ya kutufundisha kuhusu tofauti kati ya kulihubiri somo na kulitumia tu.

Kusoma kabla ya kutafuta la kusema

Kazi ya kwanza ni kuisoma sura nzima kwa sauti, zaidi ya mara moja, mwanzoni mwa juma na si Jumamosi usiku. Kusoma kwa sauti kuna faida ya pekee, kwani wengi wa wasikilizaji watalipokea Neno kwa masikio, na wewe utasikia mapema ni wapi sentensi inakwama na ni wapi habari inageuka. Ukishaisoma hivyo, chukua kalamu ujiulize maswali ya kawaida kabisa: Ni nani anayesema, na anamwambia nani? Wako wapi? Ni jambo gani limetangulia, na ni jambo gani linafuata? Soma tafsiri zaidi ya moja. Union Version, ambayo wengi wetu tumeikariri tangu ilipochapishwa mwaka 1952, isomwe pamoja na Habari Njema, na mwenye Biblia ya lugha yake ya nyumbani ailete pia mezani. Mahali ambapo tafsiri zinaachana ndipo panapohitaji kuchunguzwa zaidi katika kamusi ya Biblia au kwa kumwuliza mtu aliyesoma.

Ukiyafanya haya kwa somo letu, utaona mambo ambayo usomaji wa haraka huyaruka. Sura ya 17 inaanza na Eliya akimwambia Mfalme Ahabu kwamba hakutakuwa na umande wala mvua. Kwa nini mvua? Jibu liko katika sura iliyotangulia, mstari wa 31, ambapo Ahabu anamwoa Yezebeli binti wa Ethbaali, mfalme wa Wasidoni, kisha anakwenda kumtumikia Baali. Waliomwabudu Baali waliamini kwamba yeye ndiye mwenye mvua na rutuba ya ardhi, kwa hiyo ukame haukuwa adhabu iliyookotwa tu. Ulipiga mahali penyewe ambapo Israeli walikuwa wameweka tumaini lao. Sasa tazama Sarepta iko wapi. Ni mji wa Sidoni, kando ya Bahari ya Kati, katika nchi tunayoiita leo Lebanoni. Nabii wa Bwana anatumwa akatunzwe katika nchi ile ile alikotoka Yezebeli, mahali ambapo Baali alihesabiwa kuwa yuko kwake.

Endelea kutazama. Eliya mwenyewe hafiki kama mtu mwenye shibe, kwa sababu mstari wa 7 unasema kijito alichokuwa akinywea maji kimekauka. Mjane, kwa upande wake, anapoapa anasema, “Kama Bwana, Mungu wako, aishivyo.” Hasemi “Mungu wangu.” Naye anataja alichobaki nacho kwa kipimo: konzi ya unga, mafuta kidogo katika chupa, na kuni mbili anazookota ili apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe, wale, wakafe. Baada ya hapo linakuja neno la Bwana kwamba pipa la unga halitapunguka wala chupa ya mafuta haitaisha mpaka siku Bwana atakapoleta mvua juu ya nchi. Hakuna mahali panaposema kwamba pipa lilijaa, kwani linalosemwa ni kwamba halikuisha. Mama huyu hakuamka siku moja akakuta ghala. Alikuta cha siku hiyo, na siku iliyofuata akakuta tena.

Ni katika hatua hii mhubiri anapaswa kuyaweka mahubiri aliyozoea kuyasikia kando ya somo na kuyalinganisha. Mahubiri yaliyozoeleka husema hivi: mjane alitoa cha mwisho kwa mtumishi wa Mungu, akabarikiwa, nawe toa cha mwisho, utabarikiwa. Je, somo linasema hivyo? Agizo la kuandaa kwanza mkate mdogo wa nabii liliambatana na ahadi maalumu, iliyosemwa kwa jina la Bwana, kwa mwanamke huyu, wakati wa ukame huu. Bwana alikuwa ameshatangulia kusema katika mstari wa 9 kwamba amemwagiza mjane amlishe Eliya, na kilichofuata ni kwamba Eliya, mjane na nyumba yake walikula siku nyingi pamoja. Nabii hakuondoka na unga wa mjane akaenda zake. Tena Bwana Yesu mwenyewe aliifafanua habari hii katika Luka 4:25–26, na hakuzungumzia utoaji hata kidogo. Alisema kwamba wajane walikuwa wengi katika Israeli siku za Eliya, lakini nabii hakutumwa kwa hata mmoja wao ila kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni. Watu wa Nazareti walikasirika kwa neno hilo kiasi cha kumpeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini, kwa maana walielewa vizuri alichosema: neema ya Mungu ilivuka mpaka wa taifa lao ikamfikia mtu wa nje.

Mhubiri aliyeliona hilo hawezi tena kulisoma somo hili huku akimtazama mjane wa kwenye benchi la nyuma anayehesabu nauli yake. Nalisema kwa uzito, kwa sababu andiko linalomwonyesha Mungu akimlisha mjane limegeuzwa mara nyingi mno kuwa andiko la kumpokonya mjane, na Bwana Yesu aliwaonya waziwazi wale wanaokula nyumba za wajane. Hata hivyo, haki ya somo inadai pia tusiufute utii wa mama huyu. Alisikia neno gumu, akaliamini, akaenda akafanya. Imani yake ihubiriwe, ila ihubiriwe kama imani katika neno la Mungu, isigeuzwe kuwa bei ya kununulia baraka.

Sentensi moja ya kubeba mahubiri yote

Kabla hujaandika muhtasari wowote, andika sentensi moja inayosema somo hili linatangaza nini. Iwe sentensi kamili yenye mtendaji na tendo. “Imani na utoaji” au “Mungu wetu ni mwaminifu” hayatoshi, kwa sababu maneno hayo yanaweza kubandikwa juu ya nusu ya masomo yote ya Biblia. Kwa somo letu mimi ningeandika hivi: “Mungu alimwona mjane wa kigeni ambaye hakuna aliyemhesabu, akamlisha siku kwa siku kwa neno lake.” Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuikariri akiwa njiani kurudi nyumbani, na mwalimu wa theolojia hataweza kuikataa.

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuamulia nini kibaki na nini kiondoke. Utakuwa umekusanya mengi katika juma, nayo yote utayapenda, lakini kunguru wa kijito cha Kerithi, miaka ya utawala wa Ahabu na habari ndefu za dini ya Wakanaani zitabaki kwenye daftari lako kama hazimsaidii msikilizaji kuiona sentensi ile. Ugumu mwingi wa mahubiri, kwa maoni yangu, hautokani na maneno makubwa bali na wingi wa mambo. Mhubiri anayegusa mistari kumi na tano kutoka vitabu tisa huwaacha watu wakifungua kurasa, na wanapofika mahali alipowataka yeye ameshaondoka.

Hata hivyo maneno nayo yana sehemu yake. Linganisha namna mbili za kusema jambo lile lile. Ya kwanza: “Katika muktadha wa kijamii na kidini wa Foinike, tendo la kiungu la kumruzuku mjane lilikuwa changamoto ya kiteolojia dhidi ya madai ya umiliki wa kimaeneo wa Baali.” Ya pili: “Mama huyu aliishi katika nchi ya Baali. Watu wa kwao waliamini kwamba Baali ndiye anayeleta mvua, na mvua ikakosekana. Baali hakumpa hata konzi ya unga. Bwana, Mungu wa Israeli, akampa.” Namna ya pili haijapunguza ukweli wowote uliomo katika ile ya kwanza. Imeuongeza, kwa kuwa msikilizaji ameuona. Agustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa mhubiri, naye alifundisha kwamba ni afadhali wanasarufi watukosoe kuliko watu wasituelewe.

Maneno ya imani kama neema, toba, agano na kuhesabiwa haki yasikimbiwe, bali yaelezwe kila yanapotokea, kwa sentensi moja fupi inayoonyesha jambo lenyewe likitendeka. Maneno ya zamani ya Union Version nayo yapewe msaada kidogo. Ukisema “konzi ya unga,” kunja kiganja chako kana kwamba umeshika unga, na hata kijana anayelijua konzi kwa maana ya pigo la kichwani ataelewa mara moja.

Ikiwa utahubiri kwa mkalimani, jambo ambalo ni la kawaida pale ambapo wazee hutumia lugha ya kwao, kutaneni kabla ya ibada, mpe masomo yote na ile sentensi moja, na ukate sentensi zako ziwe fupi lakini zenye maana kamili, ili asilazimike kungoja nusu ya wazo. Kumbuka pia kwamba muda utaongezeka karibu maradufu, hivyo maandalizi yako yawe nusu ya kawaida.

Mvuto unaotoka ndani ya somo

Wengi hutafuta mvuto nje ya somo: kichekesho cha kufungulia, video iliyozunguka kwenye simu, au kupaza sauti. Mimi nashauri uanze ndani ya habari yenyewe. Kwa mfano: “Mwanamke mmoja yuko langoni pa mji anaokota kuni. Hahitaji mzigo. Anahitaji kuni mbili tu, kwa sababu anapika mara moja, na baada ya hapo hana mpango mwingine.” Hapo hakuna aliyesinzia. Akina mama waliopikia kwenye mafiga wanajua kuni mbili zinapika nini, na mkulima wa Dodoma au Kitui aliyewahi kutazama mahindi yakinyauka shambani hahitaji kuelezwa ukame ni nini. Wewe umetumia tu yaliyoandikwa, lakini umeyatumia polepole.

Kisha acha swali la habari liwe swali la wasikilizaji kabla hujalijibu. Nabii anamwambia mama mwenye chakula cha mwisho aanze kwa kumwandalia yeye. Sema wazi kwamba ombi hilo linashtua. Mhubiri anayelijua somo haogopi kulitaja jambo gumu, kwa sababu washarika wameshaliona, nao wanangoja kujua kama atalikwepa. Ukiliweka mbele yao kwa uaminifu, watakufuata hadi kwenye ahadi ya mstari wa 14 wakiwa na hamu ya kuisikia.

Matumizi ya neno kwa maisha yao nayo yawe na sura za watu. “Tumtegemee Mungu katika hali zote” ni kweli, lakini haimgusi mtu yeyote. Wafikirie watakaokuwepo: mama auzaye mboga ambaye mtaji wake umeliwa na ugonjwa wa mtoto, kijana aliyemaliza chuo na bado anangoja ajira, familia iliyohamia kutoka nchi jirani, ambayo hakuna anayeketi karibu nayo, na wahesabu sadaka, ambao nao wanapaswa kusikia kwamba Mungu aliwahi kumtuma nabii wake akaishi na mjane akila anachokula yeye. Kwa familia ile ya wageni, somo hili lina habari njema iliyo karibu kuliko tunavyodhani. Kwa usharika ulioizoea hali ya kuwa wenyeji lina onyo, na wewe huna ruhusa ya kuliacha onyo hilo kwa sababu tu linakera.

Kuhusu desturi zetu za mimbarani, salamu ya “Bwana Yesu asifiwe” na mwaliko wa “mwambie jirani yako” ni vitu vyema vinavyowaunganisha watu, na sioni sababu ya kuvifuta. Lakini vikirudiwa kila baada ya sentensi mbili, huanza kujaza nafasi ya mawazo ambayo hayakuandaliwa. Wala kelele za kuitikia zisichukuliwe kuwa kipimo. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia na Konstantinopoli na kusifiwa kuliko wahubiri wote wa zama zake, aliwakemea wasikilizaji wake kwa kumpigia makofi, kwa sababu alitaka waliyoyasikia wayafanye.

Usahihi haukomei kwenye mistari ya Biblia. Hadithi uliyoisoma kwenye intaneti usiisimulie kana kwamba ilimtokea rafiki yako. Takwimu usiyojua ilikotoka, iache. Maana ya neno la Kiebrania au la Kigiriki usiyoweza kuithibitisha, iache pia, hata kama inanoga. Na siri ya mtu aliyekuja kwako kwa ushauri isiingie kwenye mfano wowote, hata bila jina, kwa kuwa katika usharika mdogo jina hujulikana kabla ya sala ya mwisho.

Siku yenyewe

Andika mahubiri yako yote, hata kama utapanda mimbarani na karatasi yenye mistari michache. Yasome kwa sauti siku moja kabla huku ukitazama saa. Kama yamezidi muda, ondoa wazo zima badala ya kuharakisha yote. Somo lenyewe lisomwe vizuri, na msomaji apewe siku chache za kujizoeza. Kitabu cha Nehemia, sura ya 8 mstari wa 8, kinaeleza jinsi torati ilivyosomwa kwa sauti ya kusikilika, maana yake ikaelezwa, na watu wakayafahamu yaliyosomwa, na usomaji ndio uliotangulia. Kipaza sauti kijaribiwe kabla watu hawajaingia. Mvua ikianza kupiga kwenye bati, usishindane nayo: simama, kwaya iimbe, kisha uendelee kwa kurudia ile sentensi moja.

Baada ya ibada, tafuta watu watatu wa aina tofauti, kwa mfano mzee, mama na kijana, uwaulize swali moja tu: “Leo umesikia Mungu amefanya nini?” Usiwaulize kama mahubiri yalikuwa mazuri, kwa sababu kwa adabu yetu wote watasema yalikuwa mazuri. Wakikujibu kwa maneno yao kwamba Mungu alimlisha mjane mgeni siku kwa siku, umefika. Wakikutajia kichekesho chako au wakikuambia kwamba tumefundishwa kutoa, irudie kazi yako, utazame ni wapi sentensi ile ilipotea.

Na ikiwa una zamu Jumapili inayofuata, usihame kitabu. Endelea na mistari ya 17 hadi 24, ambapo mwana wa mjane huyu anaugua hata pumzi inamwishia, ndani ya nyumba ile ile ambayo unga haukuisha. Mahubiri mengi hukomea kwenye mstari wa 16 kwa sababu hapo mambo yamekaa vizuri, lakini katika kila usharika wamo wazazi waliozika, na wengine wao wamejiuliza, kama mama huyu katika mstari wa 18, kama ni dhambi zao zilizoleta kifo. Wanahitaji kusikia kwamba Eliya hakumhubiria mama huyo wala hakumlaumu. Alisema, “Nipe mwanao,” akampandisha chumbani mwake, akamlilia Bwana. Anza maandalizi hayo Jumatatu, kwa kuisoma tena sura yote kwa sauti.